Ghati Bado Hajajua Kuomba Choo

Manyamanyama, Bunda
12 Februari 1984

Kaka Stanislausi,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mdogo wako ni mzima, natembea sasa bila kushika ukuta. Shemeji yako Magige ni mzima, ingawa lori lake limelala gereji tangu Krismasi likingoja tairi. Mtoto mchanga tumempa jina la marehemu baba yetu, Alfonsi. Alizaliwa mimba ikiwa ya miezi minane, kwa hiyo ni mdogo, unamlaza kwenye mkono mmoja na kwa mkono mwingine unakoroga uji. Lakini ananyonya. Msomee wifi Marcelina salamu hizi na umwambie karanga zake zilifika.

Magige ameniambia kwamba Ghati hakulia mpaka alipomwona baba yake anapanda gari kuondoka Murangi. Mimi huku nililia tangu asubuhi.

Kaka, sikumleta kwenu kwa sababu nimemchoka. Hapa tunaishi wapangaji vyumba sita, choo kimoja. Ghati hajui choo. Anajisaidia popote alipo, na wiki ile kabla sijajifungua alijisaidia kwenye mkeka ambao mama mwenye nyumba alianikia udaga wake wa mihogo. Hukuwepo kusikia maneno niliyoambiwa. Sabuni nayo unajua ilivyo. Nilipanga foleni na tumbo langu, siku ya kwanza ikaisha kabla sijafika dirishani, siku ya pili nikapata kipande kama kiganja. Nepi za watoto wawili nazichemsha na majani ya mpapai, na nesi wa kliniki amesema huyu mdogo asipolala pasafi hatafika mbali.

Ombi langu ni moja. Wifi amfundishe choo. Ana miaka miwili kasoro mwezi mmoja, si mtoto mjinga. Akishajua kuomba choo mwenyewe, Magige atakuja kumchukua. Nafikiri Pasaka atakuwa amerudi.

Kile kipande cha sabuni nimekikata katikati, nusu yenu iko ndani ya fulana ya Ghati. Niandikie mapema. Nataka kujua kama analala.

Mdogo wako,
Hyasinta

Murangi
4 Machi 1984

Mdogo wangu Hyasinta,

Barua yako imefika mkononi kwa Jilala, yule Msukuma anayenunua dagaa huku na kuuza Bunda. Tumefurahi sana kwa ajili ya Alfonsi. Nimesimama barazani nikaliita jina lile kwa sauti, na jirani akaitika akidhani namwita mtu. Sisi ni wazima. Ziwa limekuwa gumu, furu wamepungua kwa sababu sangara anawala wote. Kazi ya boti ipo, misumari ndiyo haipo. Nanyoosha ile ya zamani kwa nyundo.

Ghati analala. Siku nne za kwanza alikuwa anasimama mlangoni kila akisikia gari. Siku ya tano akaacha.

Sasa habari ya choo. Mtoto anaogopa shimo. Wifi yako alimpeleka mara ya kwanza, Ghati akashika miimo ya mlango kwa mikono yote miwili, tukashindwa kumbandua. Alipiga kelele mpaka watu waliokuwa wanaanika nyavu wakaja kuuliza nani amekufa. Mtu mzima hafikirigi jambo hili. Lakini chungulia lile tundu kwa macho ya mtu mfupi kama yeye, utaona kwamba ana haki.

Basi wifi yako ameanza na kopo la mafuta ya kupikia. Kila baada ya uji anamkalisha, anakaa chini mbele yake, anafanya shuuu kama maji yanayomwagika kutoka mtungini. Siku mbili hakukutokea kitu. Siku ya tatu kopo likalia. Ghati alishtuka kuliko sisi. Akainuka, akachungulia ndani, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyeokota pesa njiani. Marcelina akapiga makofi. Siku hizi na Ghati mwenyewe anapigaga makofi, hata mimi nikitoka chooni ananipigia.

Mimi nimechukua ubao wa mvule uliobaki kwenye boti ya Masatu, nimekata tundu la kipimo chake, nikausugua kwa majani ya msasa siku mbili mpaka ukawa laini kama shavu. Unawekwa juu ya shimo. Amekubali kuukalia uwanjani. Chooni bado.

Usiwe na haraka. Mlee Alfonsi.

Kaka yako,
Stanislausi

Manyamanyama, Bunda
20 Aprili 1984, Ijumaa Kuu

Kaka,

Pokea salamu za siku hii kubwa. Tumetoka kanisani sasa hivi, Alfonsi amelala njia yote ya msalaba. Amefika kilo nne. Magige amepata tairi, anabeba pamba tena, nyumbani anaonekana mara moja kwa wiki.

Barua yako niliisoma mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Pale pa makofi nilicheka peke yangu, halafu nikanyamaza, kwa sababu kopo lilipolia sikuwepo.

Nilimuuliza nesi. Amesema msimpige, msimkemee, na msimtishe kwamba atatumbukia. Mtoto akianza kujificha pembeni na kukaza uso, mjue ameshaelewa mwili wake, kilichobaki ni kuwaamini ninyi. Mwambie wifi hivyo, ingawa naona anajua kuliko nesi.

Pasaka imefika na Ghati hajarudi. Silalamiki. Ila mama mkwe ametuma mtu kutoka Butiama kuuliza kwa nini mjukuu wake aliyepewa jina la ukoo analelewa kwa wajomba wakati bibi yake yupo. Magige amemjibu kwamba ni kwa muda. Ni kwa muda, siyo kaka?

Wifi hajambo? Hukumsema kwenye barua, umesema kazi zake tu.

Hyasinta

Murangi
17 Juni 1984

Mdogo wangu,

Nisamehe kukawia, tulikuwa na kazi ya boti mbili za Bukima. Huku ni wazima wote. Wifi yako ni mzima. Mtama umekubali.

Kuhusu Ghati, bado. Kopo analijua, lakini kuomba mwenyewe bado. Ubao wa mvule anaupendaga kwa kuchezea tu. Juzi amelowanisha gunia la pamba ninayozibia nyufa za boti, ikabidi nianike pamba juani siku nzima kama mkulima. Nikimrudisha hivi kwenye nyumba ya vyumba sita utapata tena maneno ya mama mwenye nyumba, na wewe una mtoto wa kulinda. Mwacheni kwanza. Mtoto haendeshwi kama ng'ombe wa jembe.

Anajua sasa kusema sato, mumi na dagaa. Jua likiwaka sana anavaaga kofia yangu.

Msalimie Magige. Mwambie mama mkwe kwamba wajomba nao ni watu.

Stanislausi

Manyamanyama, Bunda
2 Septemba 1984

Kaka Stanislausi na wifi Marcelina,

Hatujambo kabisa. Alfonsi anakaa mwenyewe, ukimwegemeza mto. Magige ameleta mahindi kutoka Butiama na maneno mengi ya mama yake, mahindi tumeyapokea.

Siku hizi mjini kuna mabadiliko. Wanasema mwenye pesa zake za kigeni ameruhusiwa kuleta bidhaa, basi maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yameanza kuwa na vitu. Nimeona sabuni imepangwa dirishani na hakuna foleni. Nilisimama nje nikiitazama kama mshamba. Bei yake ndiyo foleni mpya, lakini nimenunua. Nawaletea mche mmoja mzima na vipande vya khanga yangu kuukuu kwa ajili ya nepi za Ghati, kwa kuwa unasema bado.

Jilala alipita hapa mwezi uliopita, akakaa kuongea mpaka chai ikapoa. Amesema mko wazima na Ghati ana mashavu. Amesema pia alimsikia wifi akiimba kisimani.

Nilitaka kukuuliza kitu, lakini naona karatasi imekwisha.

Hyasinta

Murangi
14 Oktoba 1984

Mdogo wangu Hyasinta,

Sabuni imefika na vipande vya khanga vimefika. Wifi yako ameshukuru sana. Mungu awazidishie.

Ghati bado. Sijui ni nini. Watoto wengine wanachukua muda, hata wewe mama alisemaga ulichelewa. Nakuomba utuachie mpaka Krismasi. Huku kuna nafasi, akikosea amekosea mchangani, mawimbi yanafuta.

Usinione mtu wa ajabu. Mpaka Krismasi tu.

Kaka yako,
Stanislausi

Manyamanyama, Bunda
18 Novemba 1984

Kaka,

Salamu zote. Naandika haraka, Jilala anangoja mlangoni.

Mzigo huu ni poti. Ndiyo, poti ya plastiki, nyekundu, imetoka Kenya, nimeiona sokoni nikainunua kabla sijauliza bei ya nyama. Labda itamsaidia.

Kaka, mambo yamekuwa magumu upande huu. Mama mkwe amesema sikukuu ikipita na Ghati hajarudi Bunda, atakuja Murangi mwenyewe kumchukua na kumpeleka Butiama, na hakuna atakayemzuia kwa sababu mtoto ni wa ukoo wao. Magige hakumpinga. Mimi namheshimu mama, lakini sitaki binti yangu ahame kutoka nyumba moja ya watu wengine kwenda nyingine. Alfonsi ana miezi kumi, ni mzima, hana haja ya kutengwa tena na dada yake. Sina sababu iliyobaki ya kumwambia Magige.

Kama wewe unayo, niandikie.

Hyasinta

Murangi
9 Desemba 1984

Hyasinta, dada yangu,

Leo naanza na jambo lenyewe. Salamu utazisoma mwisho kama utakuwa bado unataka salamu zangu.

Poti ilifika Jumatano. Nilimfungulia Ghati nikamwambia mama yako amekuletea. Akaigeuza akaivaa kichwani. Nikamwambia hapana, ni ya kukojolea. Akanitazama kwa huruma kabisa, akasema, "Mjomba, mimi naendaga choo." Akanishika kidole akanipeleka mpaka mlangoni pa choo ili nimwone. Akapanda ubao wake, akaniambia, "Geuka huko." Nikageuka. Alipomaliza akarudi zake uwanjani, na kwenye poti akamtilia kuku maji.

Nimekudanganya. Ghati alijua kuomba choo tangu mwezi wa tano. Hajalowanisha gunia lolote. Yale ya pamba niliyatunga nikiwa nimekaa hapa hapa ninapokaa sasa. Nepi zile sikutumia hata moja, na sabuni yako tumeogea.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya Marcelina. Wewe unajua yaliyotupata mwaka ule wa themanini na mbili. Baada ya pale wifi yako alikuwa mtu wa kukaa. Alikuwa anapika ugali anausahau motoni. Shamba lilijaa magugu mpaka watu wakapitisha njia. Ghati alipofika, Marcelina akaanza kuamka mapema. Anaimba, Jilala hakukosea. Nilikuwa nikishika kalamu niandike njooni mumchukue, namsikia anaimba, nashindwa. Nikaandika bado. Ukishaandika bado mara moja, mara ya pili ni rahisi.

Sasa nimeogopa. Mama yake Magige akija hapa atamkuta mtoto anakwenda choo peke yake, na mimi nitakuwa mwizi mbele ya watu.

Sema unavyotaka, nitafanya. Usimwambie Magige yote ukiweza.

Nawasalimu.
Stanislausi

Manyamanyama, Bunda
16 Desemba 1984

Kaka yangu,

Nimezisoma salamu zako na nimezipokea.

Nilijua tangu Agosti. Jilala siku ile aliyokaa mpaka chai ikapoa alisema, "Mtoto wako mstaarabu, aliniacha katikati ya maneno akasema anakwenda choo, akaenda, akarudi, akaendelea na maneno." Nikamwambia, "Labda ulimwona mwingine." Akasema, "Kuna Ghati wangapi pale?" Kisha ndipo akaniambia habari ya wifi kuimba kisimani.

Nilikasirika wiki nzima. Usidhani sikukasirika. Niliandika barua mbili nikazichoma. Ya tatu ndiyo ile ya sabuni. Nilijiambia, wifi alinibeba mgongoni nilipougua malaria kabla sijaolewa, kama sasa mwanangu anaweza kumwinua, basi na akae kidogo. Nikatuma vipande vya khanga ili usipate shida ya kutafuta uongo mwingine. Poti nilituma nikitumaini kwamba utaona haya. Naona Ghati ndiye aliyekutia haya.

Lakini muda umekwisha kaka. Simsemi mama mkwe. Mimi mwenyewe nimemkosa. Amejifunza maneno sikuyasikia, na Alfonsi hamjui dada yake.

Sitaki Magige aje kumchukua kama mzigo. Wifi amlete mwenyewe baada ya mwaka mpya, akae hapa mpaka Ghati atakapozoea. Wewe baki na boti zako. Mama mkwe nimeshamtumia habari kwamba mtoto anarudi, ametulia, amesema atakuja mwezi wa pili kumwona.

Krismasi njema.
Hyasinta

Manyamanyama, Bunda
20 Januari 1985

Kaka Stanislausi,

Tumsifu Yesu Kristo. Wifi na Ghati walifika salama tarehe nane, vumbi mpaka kwenye kope. Wifi anakusalimu, anauliza kama unakula kitu kingine zaidi ya viazi. Alfonsi anamfuata Ghati kila mahali kwa magoti.

Barua hii ni ndefu, kaa chini.

Ghati aliposhuka kwenye gari nilimfungulia mikono. Akajificha nyuma ya gauni la wifi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, lakini kujiandaa hakusaidii. Nikasema, "Ghati, mimi ni mama." Akasema, "Mama huyu hapa." Wifi akamwambia, "Mama yako ni huyu. Mimi nilikuwa nakutunza." Alikuwa amelisema mara nyingi njiani, kwa sababu Ghati alimalizia mwenyewe, "...mpaka mama apone."

Siku ile ile akajikojolea. Kesho yake mara tatu. Mtoto aliyekuwa anamwambia mjomba wake ageuke huko, hapa alikuwa anasimama katikati ya chumba maji yanamtiririka, anatazama chini kama si yake. Mama mwenye nyumba akapita, akaguna. Nikasema sasa nimepata kweli ule uongo wa kaka. Wifi akasema tusimkemee. Kila asubuhi alikuwa anamshika mkono mmoja na kuniambia mimi nimshike mwingine, tunakwenda chooni watatu, wapangaji wanatucheka. Siku ya nne akatuacha nje. Mimi na wifi tukabaki mlangoni.

Siku ya nane nilikuwa nachagua mchele, wifi yuko karibu na mlango. Ghati akaja mbio kutoka uwanjani, akampita wifi, akanivuta khanga. "Mama, choo." Alinivuta mimi. Niliinuka mchele ukamwagika wote. Tuliporudi wifi alikuwa amegeukia ukuta anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Mchana tulikwenda bombani kufua. Nikaona niombe msamaha. Nikamwambia, "Wifi, najua unaumia. Kaka ameniambia yote, kwamba ulikuwa huwezi kuachana naye, ndiyo maana akawa ananiandikia bado."

Akaacha kufua. "Anakuandikia bado nini?"

Kaka, hakujua. Barua zangu ulikuwa unamsomea vipande. Aliniambia hivi, nayaandika kama alivyosema: "Mimi tangu mwezi wa sita nilimwambia, mtoto ameshajua, tumpeleke kwa mama yake anateseka. Akaniambia Hyasinta ameandika nikae naye kwanza, Alfonsi anaumwa. Kila mwezi Alfonsi anaumwa. Mimi nimesali rozari ngapi kwa ajili ya huyu mtoto, kumbe anakula na kushiba."

Nikamuuliza habari ya ugali na magugu. Akasema ni kweli, mwaka wa kwanza. "Mimi nililia nikafika mwisho. Kila Jumapili nikitoka kanisani ninapitiaga kaburini kwa mwanangu, nang'oa majani, naongea naye kidogo, naenda nyumbani kupika. Kaka yako hajafika pale hata siku moja tangu tulipomzika. Alisema jina lile lisitajwe ndani ya nyumba. Niliimba kisimani kwa sababu nyumbani hapaimbiki. Ghati alipokuja, kaka yako ndiye aliyeanza kuamka mapema. Ule ubao alikuwa anausugua na machozi yanamtoka, mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikamwona, nikarudi ndani asijue."

Kaka, sikulaumu. Ulimwandika Marcelina mahali ulipotakiwa kujiandika wewe. Mimi pia sikuuliza. Nilimfikiria mama wa mtoto, baba yake nikamsahau, kwa kuwa alikuwa anatengeneza boti na kunyoosha misumari.

Wifi atarudi Alhamisi ijayo. Nenda kwenye kituo cha gari ukampokee, usimwache abebe mzigo peke yake. Hana hasira. Amesema anangoja umuulize tu. Hakusema umuulize nini, nami sikutaka kujua.

Ghati anasema, mjomba hajambo?

Mdogo wako akupendaye,
Hyasinta

Murangi
3 Februari 1985

Hyasinta,

Mungu awabariki wote, na Magige, na Alfonsi asiyeumwa. Mwambie Ghati mjomba hajambo. Mwambie kuku ameangua.

Nilikwenda kituoni asubuhi, gari likaja alasiri. Wifi yako akashuka, nikachukua mzigo. Tukatembea. Nilikuwa nimepanga maneno tangu barua yako ilipofika, yote yakapotea. Tulipopita pale kwenye mawe makubwa nikamuuliza, "Siku ile ya mwisho, mimi nilipokwenda kumtafuta daktari, alisema nini?"

Marcelina hakusimama. Akasema, "Alikuuliza wewe. Nilimwambia unakuja. Akasema sawa."

Nikaweka mzigo chini. Miaka miwili na nusu nilikuwa naogopa jibu hilo. Nilifikiri alilia akiniita. Kumbe alisema sawa. Tulikaa juu ya mawe mpaka watu wakaanza kurudi kutoka ziwani, wakatusalimia, tukaitika.

Sasa nakuandikia wewe jambo ambalo sijalisema hata kwa padri. Justina aliogopa lile shimo kama Ghati. Aliponishika mguu nikamwambia, mtoto wa fundi haogopi tundu. Mama yake ndiye alikuwa anamshika mikono. Nilimwahidi kumkatia ubao wa kipimo chake. Kila siku nikasema kesho, nina boti ya mtu. Surua ilipoingia kijijini ubao ulikuwa bado haujakatwa. Najua ubao hauzuii surua. Lakini Ghati aliposhika miimo ya mlango siku ile, nilimwona mwingine, na nilipomaliza kuukata ule ubao sikuweza tena kumtoa yule aliyeukalia. Ilikuwa ni mimi. Marcelina alikuwa tayari tangu zamani.

Nisamehe miezi minane ya mwanao niliyokuchukulia. Sina cha kukurudishia. Nitakuja mwezi wa tatu kwa miguu yangu kumwomba radhi Magige, na nikitoka hapo nitapita Butiama kwa mama yake. Usinitangulizie maneno, nitasema mwenyewe.

Leo baada ya misa tumekwenda wote wawili. Kaburi ni safi, limezungushiwa mawe meupe ya ziwani, sikujua kwamba kuna mawe. Nilikuwa sijui kazi yote aliyoifanya pale. Nimemwambia nitachonga msalaba wa mvule wenye jina na umri, maana uliopo ni wa miti miwili iliyofungwa kamba. Nikaandika kwanza kwenye karatasi hii nitakachochonga: Justina, miaka mitatu na miezi minne.

Barua hii nimemsomea Marcelina yote kabla ya kuifunga, sikuruka neno. Amesikiliza mpaka mwisho. Amesema nimekosea mahali pamoja. Si miezi minne, ni mitano, kwa sababu alimaliza mwezi siku ile ile asubuhi, yeye alikuwa anahesabu.

Nimesahihisha. Miaka mitatu na miezi mitano.

Kaka yako,
Stanislausi